Barua ya wazi kwa wanaopiga filamu marufuku: itazameni mpaka mwisho, kisha mtuandikie sababu

Kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. Kwa Waziri anayesimamia filamu. Kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Na kwa masheikh, maimamu, mapadre na wachungaji wa mji huu.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kwa kila mmoja wenu kwa nafasi yake.

Tunaowaandikia ni watu wa filamu hapa Mombasa. Wamo wanaotengeneza, wamo wanaoonyesha, na wamo wanaoandika tafsiri zinazopita chini ya picha. Hatuombi kila filamu ionyeshwe kwa kila mtu. Tunaomba filamu isipigwe marufuku kabla haijatazamwa yote na watu wanaoijua lugha yake. Sababu iandikwe, itaje tukio na dakika yake. Na anayeumizwa na uamuzi awe na pa kukata rufaa mbele ya mtu mwingine asiye yule aliyemhukumu. Hayo yakifanyika, filamu za kupigwa marufuku zitabaki chache sana, na watoto watalindwa vizuri kuliko wanavyolindwa leo.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962, kabla ya uhuru. Chimbuko lake ni sheria ya kikoloni ya 1912. Katika enzi hiyo ya ukoloni vibali vilitolewa kwa rangi ya mtu: filamu hii Mzungu ataiona, Mwafrika hataiona. Watawala walihofu kwamba Mwafrika akimwona Mzungu kwenye pazia akiiba, akilewa au akipigwa, atapunguza kumwogopa. Kila mara walitaja maadili, ilhali walichokilinda ni utawala wao. Tunalikumbusha hili kwa sababu maneno ya sheria bado yana upana ule ule. Kifungu cha 16 kinaizuia Bodi kuidhinisha filamu ambayo, kwa maoni yake, inahatarisha utulivu wa umma, inavunja adabu, au kwa sababu nyingine yoyote ile haifai kwa maslahi ya umma. Kwa maneno hayo ya mwisho, hakuna filamu duniani isiyoweza kuzuiwa.

Katiba ya 2010 imekuja juu ya sheria hiyo. Kifungu cha 33 kinataja mambo ambayo uhuru wa kujieleza hauyafuniki: propaganda ya vita, kuchochea ghasia, matamshi ya chuki na uenezaji wa chuki. Kifungu cha 24 kinasema haki ikibanwa, ibanwe kwa kiasi cha haja, na iangaliwe kwanza kama iko njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Njia nyepesi mnayo tayari. Madaraja ya Bodi ni GE kwa watu wote, PG kwa mtoto akiwa na mwongozo wa mzazi, 16, na 18. Daraja la 18 linamzuia mtoto na kumwachia mtu mzima akili yake. Anayetaka kupita hapo na kupiga marufuku kabisa ana deni la kueleza kwa nini 18 haikutosha.

Sheria ile ina tatizo jingine lisilozungumzwa sana. Anayeomba leseni ya kupiga filamu anatakiwa aambatanishe maelezo ya matukio yote na maneno yote yatakayosemwa. Kwa filamu ya kuigiza hilo linawezekana, kwa kuwa skripti ipo. Kwa filamu ya hali halisi haliwezekani hata kidogo. Ukienda Likoni kumhoji mvuvi kuhusu samaki wanaopungua, huwezi kuandika Jumatatu atakalolisema Alhamisi. Mtengenezaji anabaki na mawili: abuni maneno ili fomu ijae, au apige picha bila leseni. Kwa vyovyote atakuwa mkosaji kabla hajawasha kamera. Na kosa hilo si la kwenye karatasi tu. Mwaka 2014, filamu ya Stories of Our Lives ilipopigwa marufuku, mmoja wa watayarishaji wake alikamatwa kwa tuhuma ya kupiga filamu bila leseni.

Filamu iliyoleta mjadala mkubwa kuliko zote nchini ni Rafiki, ya Wanuri Kahiu. Bodi iliipiga marufuku Aprili 2018, wiki chache kabla haijaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ilisema filamu hiyo, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ina nia ya kuyatangaza mapenzi ya aina hiyo, kinyume cha sheria. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, watazamaji wakiwa watu wazima peke yao. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikubaliana na Bodi.

Tunajua wengi wenu hamkubaliani na yaliyomo, na hata kati yetu wapo wasiokubaliana nayo. Tuyaweke kando kwa muda, tuangalie siku zile saba. Kumbi zilijaa, watu wazima waliingia, wakatazama, wakarudi kwao. Utulivu wa umma unaotajwa na kifungu cha 16 haukuvunjika. Na hoja ya kwamba filamu inatangaza jambo haikuelekezwa kwenye tukio fulani lenye dakika yake. Ilielekezwa kwenye nia ya filamu nzima. Hukumu ya namna hiyo haina majibu. Mtengenezaji akiambiwa dakika ya 52 ina uchi, anaweza kubisha, kukata au kukubali daraja la juu zaidi. Akiambiwa nia yake ni mbaya, atajitetea kwa kitu gani?

Sasa tuzungumze na viongozi wetu wa dini, na hapa tunaomba muda wenu, kwa sababu Pwani neno lenu lina uzito kuliko barua yoyote ya Nairobi.

Wengi mnaikumbuka The Message, filamu ya 1976 ya Moustapha Akkad kuhusu Mtume Muhammad (S.A.W.) na mwanzo wa Uislamu. Ilitengenezwa mara mbili kwa wakati mmoja, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila moja na waigizaji wake. Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera imewekwa pale ambapo angesimama, na anayezungumza naye anaitazama kamera. Hata hivyo ulizuka uvumi kwamba mwigizaji Anthony Quinn ameigiza kama Mtume, na ukweli ni kwamba aliigiza kama Hamza, ami yake Mtume. Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo mjini Washington, na moja ya madai yao lilikuwa filamu hiyo iondolewe kwenye majumba ya sinema. Watu walikufa. Filamu yenyewe ilizuiwa katika nchi kadhaa za Kiislamu kwa miaka mingi. Mwaka 2018, miaka 42 baada ya kutengenezwa, ilionyeshwa katika sinema za Saudi Arabia, nchi iliyokuwa imefungua tena sinema mwaka huo huo baada ya kuzifunga kwa zaidi ya miaka 35.

Uvumi ule ungezimwa na saa tatu za kukaa na kutazama.

Hata wanaotazama hawaafikiani. Mwaka 2023 Kuwait iliipiga marufuku Barbie, na Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zikaionyesha. Kote huko ni nchi za Kiislamu zenye maulamaa wao. Kwa hiyo anaposimama mtu hapa akasema dini imeikataa filamu fulani, tunaomba aseme ni nani aliyeikataa, kwa hoja gani, na baada ya kuona nini. Sababu za kidini tunazielewa na tunaziheshimu: mitume na watu watakatifu kuigizwa, mwili kuanikwa, dhihaka kwa ibada. Zote zinaweza kuandikwa kwa dakika na sekunde, na zikiandikwa zinajadilika.

Sheikh akisimama kwenye mimbari akawaambia waumini wake wasiitazame filamu fulani, ametimiza wajibu wake na hakuna wa kumlaumu. Padre hali kadhalika. Mambo yanabadilika pale kiongozi anapoitaka dola ifunge mlango kwa niaba yake. Hapo Mkristo wa Changamwe anazuiwa kwa fatwa, na Mwislamu wa Majengo anazuiwa kwa waraka wa askofu, wakati kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa. Marekani walishapitia haya. Filamu ya Kiitaliano, The Miracle, ilinyang'anywa kibali New York mwaka 1951 kwa kosa la kuikufuru dini, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema si kazi ya serikali kuilinda dini yoyote dhidi ya maoni isiyoyapenda. Mamlaka ya kuzuia kilichowaudhi wengi leo, kesho yanaweza kuzuia mawaidha ya wachache. Na Waislamu wa Kenya ni wachache.

Kazi ya kukagua ni kazi ya ufundi, na inafaa ifanywe hivi. Wakaguzi wawe watatu au watano, kila mmoja na karatasi yake, na wasijadiliane mpaka majina ya mwisho yamepita kwenye pazia. Kila kinachotiliwa shaka kiandikwe kwa saa, dakika na sekunde. Tuseme 00:41:15, mtu anachomwa kisu, damu inaonekana, sekunde nne. Halafu maswali yafuate: kitendo kinaonekana au kinasikika tu? Kimejirudia mara ngapi? Filamu inakifurahia, au inaonyesha madhara yake? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Filamu ambamo kijana mmoja anachomwa kisu na mama yake analia dakika tano nzima inaweza kupata daraja gumu kuliko filamu ambamo watu thelathini wanapigwa risasi huku muziki unachezeka, kwa sababu kilio kinaumiza na risasi za muziki hazimgusi mtu. Karatasi isiyo na safu ya muktadha huleta matokeo hayo karibu kila mara.

Lugha nayo ina mtego wake. Tafsiri ya chini ya picha haizidi mistari miwili, kila mstari una herufi kama 40, na haikai kwenye pazia zaidi ya sekunde saba. Mzee wa Kigiriama akizungumza kwa mafumbo sekunde kumi na tano, mfasiri analazimika kubana. Fumbo linaanguka, linabaki neno tupu, na neno tupu ndilo linalosomeka kama tusi au uchochezi. Anayekagua filamu ya Kigiriama, Kidigo, Kipokomo au Kibajuni kwa kusoma tafsiri peke yake hajaikagua. Bodi ikubali kumwita mtu mmoja anayeijua lugha akae na wakaguzi siku ya kutazama. Gharama yake ni nauli na posho ya siku.

Kuna pia hofu ya kuvuja, na ndiyo inayowafanya watengenezaji wengi wachelewe kuleta kazi zao. Nakala ya ukaguzi iwe na maandishi yanayopita juu ya picha wakati wote, yakitaja kwamba ni ya Bodi na tarehe iliyotolewa, na faili lifungwe kwa neno la siri. Ikionekana mtaani, itajulikana imetokea wapi.

Tunaomba pia mfahamu kinachotokea mnaposema, toa kipande hicho tukupe kibali. Sinema ina picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 40 ni picha 960. Zikiondolewa, muziki ulioanza kabla ya tukio unakatika ghafla. Maandishi ya tafsiri, yasiporekebishwa moja moja, yanachelewa kwa sekunde 40 hadi mwisho wa filamu. Faili la kuonyeshea sinemani lazima litengenezwe upya lote. Filamu ya nje ndiyo kabisa: huja imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofungua kwenye mashine moja, kwa tarehe zilizopangwa, na mwenye ukumbi wa Nyali hana uwezo wa kuondoa hata sekunde moja. Kumwambia akate ni sawa na kumwambia asionyeshe. Mwandikieni mtengenezaji hivi: ukiviacha vipande hivi, daraja ni 18, ukivitoa, ni 16, hizi hapa dakika zake. Mtu mwenye akili timamu atachagua mwenyewe, na hakuna atakayewatupia lawama.

Wakati nguvu zote zinaishia kwenye filamu moja yenye jina, watoto wa Mombasa wanatazama wapi? Simu kwanza. Kisha nendeni Mwembe Tayari jioni, mpande basi la Nairobi. Runinga iko mbele juu ya dereva, sauti ni moja kwa wote, na filamu inachaguliwa na utingo kwenye flashi yake. Mtoto wa miaka sita aliyekaa kiti cha pili hana pa kugeuzia macho mpaka alale. Hakuna daraja lililotajwa, hakuna aliyeulizwa. Tunaona hapo pana madhara makubwa kuliko kwenye ukumbi wenye mlango na mkata tiketi.

Kisha vibanda. Kisauni, Likoni na Magongo kuna mabanda yenye runinga, spika kubwa na mabenchi, kwa kiingilio cha shilingi kumi au ishirini. Filamu nyingi humo zimepitia kwa ma-DJ wanaozisimulia kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti ya asili. Tunawapenda ma-DJ hao, wamewafungulia sinema watu ambao Kiingereza kiliwafungia. Lakini daraja lililotolewa kwa filamu ya asili halihusu tena kile kinachosikika bandani. DJ anaweza kuongeza matusi ambayo mwandishi hakuyaandika, au kuyapunguza yaliyokuwamo. Kwa hiyo toleo la DJ lihesabiwe kuwa kazi mpya na lipewe daraja lake, kwa utaratibu mwepesi na ada anayoimudu.

Hapa Kaunti haiwezi kusema hayaihusu. Jedwali la Nne la Katiba linataja sinema, na linataja maonyesho na ukodishaji wa video, kuwa kazi ya kaunti. Leseni ya kibanda iwe na masharti yanayokaguliwa kwa macho: ubao nje wenye jina la filamu, daraja na saa ya kuanza; banda lisipokee watoto saa za skuli; filamu ya 18 isianze kabla ya saa nne usiku. Saa hiyo hatukuibuni. Kanuni za vipindi vya runinga nchini tayari zinaulinda muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kwa ajili ya watoto. Basi na kibanda vifuate saa hizo hizo, na basi lenye abiria watoto libaki kwenye GE na PG safari nzima.

Kuhusu rufaa. Sheria yetu inampeleka aliyekataliwa kwa Waziri, ambaye ni wa serikali ile ile. India walikutana na swali hilo 1970, mtengenezaji filamu K. A. Abbas alipofika Mahakama ya Juu kwa ajili ya filamu yake ya hali halisi. Mahakama ilikubali kwamba dola inaweza kukagua filamu kabla haijaonyeshwa. Ila serikali iliahidi mbele yake kwamba utawekwa muda maalumu wa kutoa uamuzi, na rufaa haitasikilizwa tena na serikali yenyewe, na Mahakama ikaipokea ahadi hiyo kwa kuridhika. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Maryland ya 1965, iliweka mzigo wa kuthibitisha juu ya anayezuia, na ikataka mahakama itoe uamuzi haraka. Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini mwaka 2018, filamu ya Inxeba ilipandishwa hadi daraja la X18, la ponografia, baada ya malalamiko ya viongozi wa mila. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu iliubatilisha uamuzi huo, kwa kuwa waliolalamikiwa hawakupewa nafasi ya haki ya kusikilizwa. Kenya tunayo Sheria ya Utendaji wa Haki wa Utawala ya 2015, inayodai taarifa ya mapema, nafasi ya kusikilizwa na sababu za maandishi. Inasema pia kwamba ofisi iliyoombwa sababu ikanyamaza huchukuliwa kuwa haikuwa na sababu nzuri. Tunataka jopo la watu watano, wawili kati yao wakiwa wa fani ya filamu, mmoja wakili, mmoja mtaalamu wa malezi ya watoto na mmoja kutoka eneo filamu inapotoka. Litoe jibu ndani ya siku 14, kwa sababu filamu iliyopangiwa ukumbi haingoji miezi mitatu.

Kwa Bodi: chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba ndani ya siku 21 orodha ya filamu zote zilizopigwa marufuku tangu 2010 pamoja na sababu za kila moja, nakala ya karatasi wanayotumia wakaguzi, na lugha za Pwani ambazo wakaguzi wenu wanazifahamu. Kwa Kaunti: tunaomba masharti ya leseni za maonyesho ya video yanayotumika sasa, na siku ya kukaa nasi na wenye vibanda tuyapitie.

Kwa viongozi wa dini: filamu yoyote ikiwatia wasiwasi, tutaomba kwa mwenye haki tuwaonyeshe faragha kabla hamjatoa tamko. Tutaleta projekta, nakala na mfasiri. Chagueni nyinyi mahali na siku isiyogongana na sala. Leteni watu sita au saba, wakiwemo kina mama na vijana, na kila mtu awe na kalamu. Baada ya hapo semeni mtakaloliona ni haki, na tutalichapisha lote bila kukata neno, hata likiwa dhidi yetu.

Wenu kwa heshima,

Watengenezaji, waonyeshaji na wafasiri wa filamu, Mombasa